Dawa za Virusi Ndani ya Ubongo: Zinavyoingia na Zinavyotoka (Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara)

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wahudumu wa afya, wanafunzi wa famasia, na wagonjwa au wauguzaji wanaotaka kuelewa jambo lenyewe badala ya kupewa agizo tu. Dozi zilizotajwa ni za kueleza mantiki ya tiba. Mgonjwa asijibadilishie dawa kwa kuzisoma hapa.

## Misingi

1. Dawa ikishajaa kwenye damu, si itafika ubongoni yenyewe?

Si lazima. Katika misuli au ngozi, kuta za mishipa midogo ya damu (kapilari) zina nafasi kati ya seli na seli, na dawa hupenya hapo bila shida. Katika ubongo seli hizo zimeshonwa pamoja kwa protini kama klaudini-5 na okludini, kiasi kwamba karibu hakuna kinachopita katikati yake. Kinachotaka kuingia lazima kipite ndani ya seli yenyewe: kivuke utando wa upande wa damu, kisha utando wa upande wa ubongo. Nje ya kapilari kuna seli nyingine, perisaiti na miguu ya astrosaiti, zinazosaidia kuulinda na kuudumisha ukuta huo. Huu ndio unaoitwa kizuizi cha damu na ubongo.

Dalili za kwanza za kuwepo kwake zilionekana mwaka 1885, Paul Ehrlich alipodunga wanyama rangi zilizotia doa karibu kila kiungo isipokuwa ubongo. Mwaka 1913 Edwin Goldmann aliidunga rangi kwenye maji ya uti wa mgongo, nayo ikatia doa ubongo bila kutoka kwenda sehemu nyingine za mwili. Kwa hiyo tatizo halikuwa ubongo kuikataa rangi. Palikuwa na ukuta.

2. Je, kuna njia moja tu ya kuingia?

Kuna mbili, na watu wengi huzichanganya. Ya kwanza ni kapilari za ubongo zilizotajwa hapo juu. Ya pili ni koroidi, yaani vifundo vya mishipa vilivyomo ndani ya ventrikali za ubongo, ambavyo ndivyo vinavyotengeneza sehemu kubwa ya maji ya uti wa mgongo. Kapilari za koroidi zina matundu. Kizuizi chake kiko kwenye tabaka la seli zinazoizunguka.

Tofauti hii ina matokeo yake. Dawa iliyopita kwenye koroidi inaingia kwenye maji, lakini haijafika kwenye seli za ubongo. Kutoka kwenye maji kwenda ndani ya tishu inabidi isambae polepole, na kila milimita ni safari ndefu. Njia ya kapilari, kwa upande wake, inaifikisha dawa jirani kabisa na kila seli, maana karibu hakuna neva ya ubongo iliyo mbali na kapilari kwa zaidi ya mikromita 20 hivi.

3. Dawa ya namna gani huingia kwa urahisi?

Ndogo (kwa kawaida chini ya daltoni 400 hadi 500, daltoni ikiwa kipimo cha uzito wa molekuli), inayoyeyuka vizuri kwenye mafuta, isiyo na chaji ya umeme katika damu, isiyoshikwa sana na protini, na isiyotambuliwa na pampu za kutoa vitu nje. Sharti la mwisho ndilo linaloangusha dawa nyingi zilizofaulu katika yote yaliyotangulia.

Amantadini, dawa ya zamani ya mafua, ina karibu daltoni 151 na huingia vizuri. Enfuvirtidi, dawa ya VVU ya kudungwa, ni peptidi yenye karibu daltoni 4,500, na katika maji ya uti wa mgongo haipimiki. Tenofoviri, nayo ya VVU, ni ndogo, lakini ina kundi la fosfonati lenye chaji hasi, na hilo peke yake linatosha kuikwamisha.

4. Ikishaingia, hutokaje?

Kwa njia nne kwa wakati mmoja. Hurudi kwenye damu kwa kusambaa yenyewe pale kiwango cha damu kinaposhuka. Hutolewa na pampu za kwenye kapilari na koroidi. Huchukuliwa na mkondo wa maji ya uti wa mgongo. Na baadhi huvunjwa na vimeng'enya humo humo.

Mkondo wa maji usidharauliwe. Mtu mzima ana takriban mililita 150 za maji haya, na hutengeneza takriban mililita 500 kwa siku, yaani yote hubadilishwa mara tatu au zaidi kila siku. Dawa inayoingia polepole inakumbwa kama maji ya mtumbwi unaovuja: haijai, hata ikiingia bila kukoma. Ndiyo maana swali la "inaingia?" peke yake halitoshi. Kiwango kinachobaki ni matokeo ya mwendo wa kuingia ukipimwa na mwendo wa kutoka.

5. Hizo pampu ni zipi, na zinafanya nini hasa?

Maarufu zaidi ni glikoprotini-P, kwa kifupi P-gp, iliyotambuliwa mwaka 1976 na Juliano na Ling katika seli zilizokuwa sugu kwa dawa. Iko kwenye utando wa kapilari unaotazama damu. Dawa inapojaribu kuvuka utando huo, P-gp huinasa humo humo na kuirudisha kwenye damu kwa kutumia nishati ya ATP. Nyingine ni BCRP, MRP4, na familia ya OAT inayoondoa vitu vyenye chaji hasi.

Nguvu yake ilidhihirika mwaka 1994 huko Uholanzi. Panya waliozalishwa bila jeni ya P-gp walipopuliziwa ivermektini ya kuua utitiri, walikufa. Vipimo vilionyesha kwamba ubongo wao ulikuwa na ivermektini karibu mara 90 ya ile ya panya wa kawaida. Loperamidi, dawa ya kuharisha, ni mfano mwingine: ni ya jamii ya afyuni, lakini kwa dozi ya kawaida hailevyi kwa sababu P-gp inaizuia mlangoni.

Kwa dawa za virusi, waathirika wakubwa wa P-gp ni dawa za VVU za kuzuia protiesi (kimeng'enya cha kirusi). Katika majaribio ya mwaka 1998, panya wasio na P-gp walipopewa indinaviri, nelfinaviri na sakwinaviri kwenye mshipa, ubongo wao ulipata dawa mara 7 hadi 36 zaidi. Zidovudini, lamivudini na abakaviri, nazo za VVU, hutambuliwa na BCRP.

## Namba zinazopotosha

6. Nimesoma kwamba dawa yangu ina asilimia 0.5 tu kwenye maji ya uti wa mgongo. Ina maana haifanyi kazi ubongoni?

Hapana. Hili ndilo kosa tunalolikuta mara nyingi kuliko yote, hata katika mawasilisho ya wataalamu.

Asilimia hiyo hupatikana kwa kugawanya kiwango cha maji ya uti wa mgongo kwa kiwango *chote* cha plazima (majimaji ya damu yasiyo na seli). Lakini katika plazima sehemu kubwa ya dawa inaweza kuwa imeshikwa na albumini, protini kuu ya damu, na dawa iliyoshikwa haivuki ukuta wala haiui kirusi. Maji ya uti wa mgongo yana albumini kidogo sana, takriban sehemu 1 kwa 200 ya ile ya plazima, hivyo karibu dawa yote iliyomo ni huru. Ukilinganisha jumla upande mmoja na kilicho huru upande wa pili, lazima upate namba ndogo.

Chukua dawa mbili za VVU:

Efavirenzi: zaidi ya asilimia 99 imeshikwa na protini. Kiwango chake katika maji ya uti wa mgongo ni karibu asilimia 0.5 ya plazima, takriban nanogramu 14 kwa mililita. Kinachoonekana kuwa kidogo kinakaribia kulingana na kiasi kilicho huru katika damu, na ni zaidi ya mara 20 ya kiasi kinachohitajika kuzuia nusu ya virusi visivyo na usugu.

Tenofoviri: chini ya asilimia 8 imeshikwa na protini. Kiwango chake katika maji ni karibu asilimia 5 ya plazima. Ni mara kumi ya asilimia ya efavirenzi, lakini hapa upungufu ni wa kweli. Damu imejaa dawa huru, na ukuta umezuia sehemu kubwa yake.

Kwa hiyo anayepanga dawa kwa kufuata asilimia tupu ataweka tenofoviri juu ya efavirenzi, na atakuwa amekosea. Ulizia mambo mawili: kiwango huru upande wa ubongo ni sehemu gani ya kiwango huru upande wa damu, na je, kinazidi kiasi kinachohitajika kumzuia kirusi husika? La pili ndilo la maana kwa mgonjwa.

7. Je, maji ya uti wa mgongo yanaonyesha kilichomo ndani ya ubongo?

Yanakadiria, hayathibitishi. Koroidi na kapilari hazina pampu zilezile, wala pampu hazielekei upande mmoja. Katika majaribio ya wanyama, zidovudini imeonekana kuwa nyingi zaidi katika maji ya uti wa mgongo kuliko katika umajimaji unaozunguka seli za ubongo. Ukipima maji peke yake utadhani ubongo umeshiba.

Tena, kwa dawa za jamii ya nyukliosaidi (zidovudini, lamivudini, asikloviri na kadhalika) kinachomzuia kirusi ni trifosfati, yaani dawa iliyoongezewa fosfati tatu, inayotengenezwa ndani ya seli. Ikishatengenezwa ina chaji nyingi na haitoki kwa urahisi, hivyo inaweza kudumu baada ya dawa yenyewe kupungua nje. Hakuna kipimo cha maji kinachoonyesha trifosfati iliyomo ndani ya mikroglia, seli za kinga za ubongo.

Maji ya uti wa mgongo yanaendelea kutumika kwa sababu kwa mtu aliye hai hakuna sampuli nyingine inayopatikana kwa urahisi.

8. Sampuli ya kupima kiwango cha dawa ichukuliwe vipi ili isipotoshe?

Chukua damu na maji ya uti wa mgongo pamoja, na uandike saa ya dozi ya mwisho pamoja na saa ya kila sampuli. Kiwango cha maji hupanda kwa kuchelewa na hushuka kwa kuchelewa. Saa 1 baada ya dozi uwiano utaonekana mdogo mno. Saa 8 baadaye, damu ikiwa imeshuka, uwiano wa dawa ileile unaweza kuonekana mkubwa ajabu. Uwiano wa kuaminika ni wa eneo lote chini ya mchoro wa viwango, ambao unahitaji sampuli za saa mbalimbali, mara nyingi kutoka kwa wagonjwa tofauti.

Mambo mengine yanayoharibu sampuli: damu iliyochanganyika na maji wakati sindano inapita (kwa dawa iliyoshikwa sana na protini, tone dogo la damu linaweza kupandisha namba mara kadhaa), na mirija ya plastiki. Dawa inayopenda mafuta, ikikosa albumini ya kushikana nayo, hunata kwenye ukuta wa mrija na kupotea kabla ya kupimwa. Punguza kuihamisha kutoka mrija hadi mrija, na uulize maabara mapema mrija upi utumike.

## Hepesi ya ubongo na asikloviri

9. Kwa nini asikloviri itolewe kwa mshipa wakati vidonge vipo?

Kwa sababu tumbo huchukua asilimia 10 hadi 20 tu ya kidonge. Asikloviri yenyewe, ambayo ni dawa ya virusi vya hepesi, si mbovu katika kuingia: ina daltoni 225, haishikwi sana na protini, na kiwango chake katika maji ya uti wa mgongo ni karibu nusu ya kile cha plazima. Lakini nusu ya kiwango kidogo ni kidogo. Ili nusu hiyo itoshe kwa ugonjwa unaoua, damu yenyewe lazima ipandishwe hadi pale ambapo kidonge hakifiki.

Valasikloviri hufyonzwa vizuri zaidi, karibu asilimia 54. Faida hiyo ni ya utumbo tu. Ikishaingia kwenye damu inageuka asikloviri ileile na inakutana na ukuta uleule. Haichukui nafasi ya dripu katika uvimbe wa ubongo wa hepesi. Hata kuiongeza kwa siku 90 baada ya dripu kwisha kulijaribiwa, na hakukuleta nafuu iliyotarajiwa.

10. Dozi ya kawaida ni ipi, na inaharibika wapi?

Kwa mtu mzima mwenye figo nzima ni miligramu 10 kwa kila kilo, kila baada ya saa 8, kwa siku 14 hadi 21. Mtu wa kilo 70 hupata miligramu 700 kwa kila dozi. Kwa mtoto mchanga ni miligramu 20 kwa kilo kila saa 8, kwa siku 21 ikiwa ubongo umehusika, kisha dawa ya kunywa kwa miezi 6. Bila tiba, ugonjwa huu huua takriban watu 7 kati ya 10. Majaribio ya miaka ya 1980 yaliyolinganisha asikloviri na vidarabini, dawa iliyoitangulia, ndiyo yaliyoteremsha vifo hadi chini ya 3 kati ya 10.

Makosa tunayoyaona yanajirudia:

Kuchelewa. Tiba huanza ugonjwa unaposhukiwa, haingoji majibu ya PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vya kirusi. PCR ya maji ya uti wa mgongo inaweza kuwa hasi katika siku 3 za mwanzo. Kama dalili bado zinaelekeza kwenye hepesi, endelea na dawa na urudie kipimo.

Kuisukuma haraka. Asikloviri huganda kuwa fuwele ndani ya mirija ya figo ikipita kwa wingi mara moja. Ipitishwe kwa saa 1 nzima, ikiwa imezimuliwa vya kutosha, na mgonjwa awe na maji mwilini. Mchanganyiko wake una pH ya karibu 11, hivyo ukivuja nje ya mshipa huunguza.

Kukokotoa kwa uzito halisi wa mtu mnene sana. Tumia uzito unaolingana na kimo, vinginevyo damu inapata dawa kupita kiasi.

Kusahau figo. Utendaji wa figo ukiwa kati ya mililita 25 na 50 kwa dakika, dozi ileile hutolewa kila saa 12. Kati ya 10 na 25, mara moja kwa siku. Anayesahau hili hukutana na swali linalofuata.

11. Mgonjwa ameanza kuweweseka siku ya tatu ya asikloviri. Ni ugonjwa au ni dawa?

Angalia kwanza kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha utendaji wa figo. Katika mtu mwenye figo nzima, nusu ya asikloviri huondoka kwa takriban saa 3. Figo zikigoma, muda huo hufika karibu saa 20. Zao lake la kuvunjwa, liitwalo CMMG, hujilimbikiza katika damu na katika maji ya uti wa mgongo, na ndilo linalohusishwa na sumu ya ubongo.

Sumu ya dawa kwa kawaida huja siku 1 hadi 3 baada ya kuanza dawa au kuongeza dozi. Mgonjwa hana homa mpya, maji ya uti wa mgongo hayana seli za uvimbe, na dalili ni za ubongo mzima: kuchanganyikiwa, kuona vitu visivyokuwepo, misuli kushtukashtuka, maneno kukwama. Baadhi hushikilia kwamba wamekwisha kufa. Ni dalili ya ajabu, lakini ikitokea kwa mgonjwa wa figo aliyepewa valasikloviri kwa mkanda wa jeshi, usikimbilie kumwita daktari wa akili kabla ya kutazama dozi. Hepesi yenyewe huelekea kuleta homa, degedege, na kasoro za upande mmoja.

Tiba ni kusimamisha au kupunguza dawa na, kwa hali kali, kusafisha damu kwa mashine. Saa 6 za usafishaji hupunguza kiwango cha plazima kwa takriban asilimia 60. Ikiwa hepesi ya ubongo bado haijaondolewa shaka, dozi hurekebishwa kulingana na figo badala ya kuiacha kabisa.

12. Uvimbe unapopona, ukuta unajifunga tena na dawa inapungua. Je, tuongeze dozi mwishoni?

Ni kweli kwamba uvimbe hulegeza viunganishi vya seli na hupunguza kazi ya baadhi ya pampu, na kwamba deksamethasoni hukaza ukuta. Kwa viuavijasumu kama penisilini, tofauti hii ni kubwa. Kwa asikloviri ni ndogo, kwa sababu huingia kwa kiasi cha kutosha hata ukuta ukiwa mzima. Dozi ya siku ya 1 ndiyo ya siku ya 21. Isipunguzwe kwa sababu tu mgonjwa ameamka.

## VVU

13. VVU hufika ubongoni lini, na kwa nini viwe tatizo huko?

Mapema mno. Vimepatikana katika maji ya uti wa mgongo takriban siku 8 baada ya maambukizi. Huingia vikiwa ndani ya seli nyeupe za damu, kisha hukaa katika makrofaji na mikroglia, ambazo huishi muda mrefu. Kiwango cha dawa kikiwa cha kuzuia nusunusu tu, virusi huendelea kuzaliana polepole, na hapo ndipo usugu hujengeka.

14. Je, mchanganyiko wa ARV uchaguliwe kwa alama za CPE?

CPE ni mfumo wa alama uliotolewa mwaka 2008 na kuboreshwa mwaka 2010, unaoipa kila dawa alama 1 hadi 4 kulingana na inavyotarajiwa kufanya kazi ubongoni. Zidovudini na nevirapini zina 4, tenofoviri ina 1. Alama za mchanganyiko hujumlishwa.

Tunauona kama mwongozo wa kufikiri, si kanuni ya kuchagua. Alama za juu zimehusishwa na virusi vichache katika maji ya uti wa mgongo, lakini jaribio lililogawa wagonjwa kwa bahati nasibu na kuchapishwa mwaka 2014 halikuonyesha kwamba kulenga ubongo kunaboresha uwezo wa kufikiri, na uchambuzi mwingine mkubwa wa mwaka huohuo ulihusisha alama za juu na shida ya akili. Kujumlisha alama pia kuna kasoro: dawa tatu dhaifu hazilingani na moja kali. Mtu ambaye virusi vyake vimefubaa na hana dalili hana sababu ya kubadilishiwa dawa ili apate alama.

Mchanganyiko wa tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri ndio unaoulizwa zaidi. Dolutegraviri imeshikwa na protini kwa karibu asilimia 99, na katika maji ya uti wa mgongo imepimwa kati ya nanogramu 13 na 18 kwa mililita, wakati kuzuia nusu ya virusi kunahitaji nanogramu 0.2. Hesabu ni ileile ya swali la 6. Tenofoviri ni dhaifu ubongoni, lakini haipigani peke yake.

15. Inawezekanaje damu isionyeshe virusi huku maji ya uti wa mgongo yakiwa navyo?

Hutokea kwa wachache, na huonekana zaidi kwa wanaotumia dawa za kuzuia protiesi zilizoongezewa nguvu na ritonaviri, hasa atazanaviri, ambayo viwango vyake ubongoni ni vya chini na visivyotabirika. Pampu ni zile za swali la 5.

Shuku hali hii mtu mwenye damu safi anapopata dalili mpya za neva: kutetemeka, kuyumba, maumivu ya kichwa yasiyoisha, kusahau kunakozidi. Pima virusi katika damu na maji kwa wakati mmoja, na virusi vya kwenye maji vipimwe usugu. Dawa mpya huchaguliwa kwanza kwa majibu ya usugu, kisha kwa uwezo wa kuingia. Kinyume chake ni kosa: dawa iliyojaa ubongoni ambayo kirusi kimeshaizoea haina kazi. Ongezeko dogo la muda katika maji, kwa mtu mwenye maambukizi mengine yaliyovuta seli nyeupe huko, ni jambo jingine na mara nyingi hupita.

16. Kwa nini efavirenzi iliwaletea watu ndoto kali?

Kwa sababu inaingia. Kizunguzungu, ndoto za kutisha na huzuni huongezeka kwa watu ambao kimeng'enya cha CYP2B6 huivunja polepole kwa sababu za kurithi, hali ambayo ni ya kawaida katika Afrika. Dawa kupenya ubongoni si sifa njema tu. Kile kinachomfikia kirusi kinaifikia pia neva.

17. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, inaathiri vipi?

Huamsha vimeng'enya vya ini na P-gp, na athari kubwa ni ya damu: kiwango cha plazima kikishuka, upande wa ubongo nao hushuka. Ndiyo maana dolutegraviri hutolewa miligramu 50 mara 2 kwa siku badala ya 1, na huendelea hivyo kwa wiki 2 baada ya rifampisini kwisha, kwa kuwa vimeng'enya havitulii siku ileile.

## Virusi vingine

18. Oseltamiviri, dawa ya mafua, huingia ubongoni?

Kidogo sana. Katika watu wazima wenye afya, kilele cha kiwango katika maji ya uti wa mgongo kilikuwa karibu asilimia 2 hadi 4 ya kile cha plazima. P-gp huizuia. Hata hivyo, Japani iliwahi kuzuia matumizi yake kwa vijana wa miaka 10 hadi 19 kuanzia mwaka 2007, baada ya taarifa za tabia za ghafla na za hatari. Zuio liliondolewa mwaka 2018, baada ya kuonekana kwamba tabia hizo hutokea katika homa ya mafua hata bila dawa hiyo. Kijana mwenye homa kali ya mafua aangaliwe kwa karibu, awe amepewa dawa au la.

19. Na amantadini?

Huingia vizuri kiasi kwamba imebaki na kazi nyingine: tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 hutumika kwa ugonjwa wa Parkinson. Kwa mafua A haipendekezwi tena kwa sababu virusi vimekuwa sugu. Mzee mwenye figo dhaifu huchanganyikiwa nayo upesi.

20. Kingamwili za kudungwa zinaweza kumfuata kirusi ubongoni?

Kwa shida kubwa. Kingamwili ya IgG ina takriban daltoni 150,000, na kiwango chake upande wa pili wa ukuta ni takriban sehemu 1 kwa 500 ya kile cha damu. Kichaa cha mbwa kinaonyesha hili kwa ukatili. Kabla kirusi hakijaingia kwenye neva, kuosha jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15, chanjo, na kingamwili zinazodungwa ndani na kuzunguka jeraha huokoa maisha. Dalili zikishaanza, kingamwili hizo hazina njia ya kufika. Wala hazidungwi baada ya siku ya 7 tangu chanjo ya kwanza, maana huweza kuvuruga kinga ambayo mwili umeanza kuitengeneza.

21. Remdesiviri imewahi kutumika kwa virusi vya ubongo?

Ndiyo. Mwaka 2015 muuguzi wa Uskoti aliyekuwa amepona Ebola alirudi na uvimbe wa ubongo na utando wake takriban miezi 9 baadaye, virusi vikiwa vingi zaidi katika maji ya uti wa mgongo kuliko katika damu. Alipewa remdesiviri kwa siku 14 pamoja na steroidi, akapona. Mgonjwa mmoja hathibitishi dawa, hasa dawa yenye daltoni 602 isiyotarajiwa kupenya vizuri, na kinga yake mwenyewe ilikuwa kazini. Kilichothibitika ni kwamba kirusi kinaweza kujificha nyuma ya ukuta baada ya damu kusafika.

Madaktari wa wanyama wana somo la karibu. Paka wenye korona ya paka iliyofika ubongoni hupewa GS-441524, zao la remdesiviri, kwa dozi kubwa kuliko paka wengine, kwa kuwa katika maji ya uti wa mgongo hufika takriban asilimia 20 tu ya kiwango cha plazima.

## Njia za kuusaidia au kuukwepa ukuta

22. Kwa nini tusizime pampu kwa dawa nyingine?

Imejaribiwa. Kwa panya matokeo huwa makubwa, kwa binadamu hunywea. Watu waliopewa saiklosporini ili kuzuia P-gp walipata ongezeko la verapamili (dawa ya moyo) ubongoni lisilofika mara mbili. Kuizima pampu kwa ukamilifu kunahitaji dozi zenye sumu, na pampu ikizimika hufungulia kila kitu, ikiwemo loperamidi ya swali la 5. Probenesidi, dawa ya jongo inayozuia pampu za OAT, huongeza zidovudini ubongoni kwa wanyama, lakini pia huzuia dawa kutoka kwa figo, hivyo damu nayo hupanda na hesabu inaharibika.

23. Na kuidunga moja kwa moja kwenye maji ya uti wa mgongo?

Kwa asikloviri, hapana. Dawa iliyowekwa hapo hukutana na vikwazo viwili vya swali la 2 na la 4: husambaa milimita chache tu ndani ya tishu, na mkondo wa maji huiondoa ndani ya saa chache. Hepesi hukaa ndani ya tishu ya sehemu ya ubongo iliyo pembeni karibu na masikio (lobu ya temporali), si kwenye maji yanayouzunguka. Tena, myeyuko wenye pH ya 11 si kitu cha kuweka karibu na neva.

24. Watoto wachanga na wazee wanatofautianaje?

Dhana kwamba mtoto mchanga hana kizuizi si sahihi. Viunganishi vya seli hukaza tangu tumboni. Kinachochelewa kukomaa ni P-gp, pamoja na figo na ini. Kwa wazee P-gp hupungua nguvu, albumini hushuka, na figo hupunguza kasi, mara nyingi kreatinini ikionekana ya kawaida kwa sababu misuli imepungua. Kwa mzee, kokotoa utendaji wa figo kwa umri na uzito kabla ya dozi ya kwanza ya asikloviri, gansikloviri au amantadini, na urudie hesabu angalau kila siku 2 au 3 wakati dripu inaendelea.